Vazi ni Mtumishi wa Mwili

Mtu huvaa nguo kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kuusitiri mwili. Ya pili ni kuukinga na jua, baridi, vumbi na miiba. Ya tatu ni kuupamba. Sababu hizi ni za kale na ni njema. Lakini katika shule zetu nyingi imeongezwa sababu ya nne ambayo haitokani na hekima yoyote: kwamba mtu huvaa ili ateseke, na kwamba kadiri anavyoteseka ndivyo anavyohesabiwa kuwa na adabu. Mimi naipinga sababu hii ya nne. Nasema kwamba vazi ni mtumishi wa mwili, wala si bwana wake. Na mtumishi ampigaye bwana wake hafai kuajiriwa hata siku moja.

Wewe usomaye maneno haya huenda umeketi darasani sasa. Tazama ulichovaa. Pitisha kidole kati ya ukosi na shingo yako, je, kinapita? Inua mikono yote miwili kama mtu achumaye embe. Je, shati linachomoka kiunoni, au linakukaba makwapani? Vuta pumzi hadi mwisho. Je, kiuno cha nguo yako kinakuruhusu? Gusa mgongo wako. Je, ni mkavu? Maswali haya si mzaha. Huu ni mtihani, na mtahiniwa si wewe bali ni nguo yako.

Nchi yetu ina hewa za namna nyingi. Katika Limuru na Nyahururu mtoto huamka katika ukungu, na sweta nzito ni rafiki yake wa kweli. Lakini Lodwar, joto la mchana hufika nyuzi 35 siku nyingi za mwaka. Na Mombasa, mwezi wa Machi, joto hupita nyuzi 32, na unyevu wa bahari huifanya hewa iwe nzito kama blanketi. Hata hivyo zipo shule za nchi za joto ambazo humtaka mwanafunzi avae shati la poliesta lililofungwa hadi koo, tai, sweta, na pengine bleza juu ya hayo yote. Nimefundisha katika shule moja ya namna hiyo mwambaoni. Saa nane ya mchana wanafunzi walijipepea kwa madaftari, na macho yao yalikuwa mazito. Aliyesinzia alisamehewa, aliyelegeza tai ili asisinzie aliadhibiwa. Nakuuliza, msomaji: kati ya hao wawili ni nani aliyeitaka elimu?

Tuanze na mwili wenyewe, maana ndio wenye shauri hili. Joto la ndani la mtu mwenye afya ni karibu nyuzi 37, na mwili hufanya kazi usiku na mchana ili lisipande wala lisishuke. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, joto la mwili hutoka lenyewe, kama moshi utokavyo dirishani. Hewa ikifika nyuzi 35 na kuzidi, dirisha hilo hufungika, na mlango unaobaki ni mmoja tu, nao ni jasho. Walakini jasho halipozi mwili kwa kutiririka. Hupoza kwa kugeuka mvuke. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke juu ya ngozi huondoa joto la karibu kilojuli 2,400, na joto hilo latosha kuzichukua lita 7 za maji kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka. Hiyo ndiyo hazina aliyopewa mwanadamu ili aishi katika nchi za jua. Jasho lililofungiwa ndani ya nguo halimfaidii mtu kitu. Huwa maji tu, na malipo yake ni vipele, harufu na uchovu.

Kwa hiyo nguo ya nchi ya joto ina kazi mbili: kuupokea unyevu kutoka mwilini, na kuipa hewa njia ya kuuchukua. Hapo nyuzi hazilingani. Pamba kavu ya uzito wa kilo 100, ikikaa katika hewa ya kadiri, hushika unyevu wa karibu kilo 8. Poliesta, iliyovumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, hushika chini ya nusu kilo. Sisemi kwamba poliesta ni adui. Wanariadha huivaa, lakini huivaa ikiwa nyepesi, imefumwa kwa matundu na kwa nyuzi zilizotengenezwa ili zisambaze jasho lipate kukauka upesi. Poliesta nene iliyobanwa nyuzi, kisha ikafungwa kwa ukosi mgumu na kufunikwa kwa sweta, ni nyumba isiyo na dirisha.

Ulaini wa nguo hautoki katika nyuzi peke yake. Hutoka pia katika kufuma na katika kukata. Nguo iliyofumwa kitandani kwa mfumi ina nyuzi za namna mbili: mtande, ulionyoshwa kwa urefu, na mshindio, upitao kwa upana. Chukua kitambaa cha mkononi ukivute kwa urefu wake, na kitakataa. Kivute kwa upana wake, na kitakataa vilevile. Sasa kivute kwa mshazari, kutoka pembe hata pembe, nacho kitanyumbuka na kukufuata. Fundi ajuaye siri hii hukata kwa mshazari mahali ambapo mwili hujipinda. Fulana na soksi ni jamii nyingine: hazina mtande wala mshindio, bali ni vitanzi vilivyoshikana, na kila kitanzi kina nafasi ya kupanuka na kurudi. Ndiyo sababu soksi huufuata mguu bila kuuliza ramani. Mtu aliyeyajua hayo hawezi kusema kwamba ushonaji ni kazi ya waliokosa akili ya kazi nyingine.

Wala elimu hii haikuja kwetu jana. Itazame kanzu ya mwambao. Mbele na nyuma ina badani. Ubavuni hutiwa taharizi, yaani vipande vinavyopanuka kwenda chini ili hatua ya mguu isizuiwe. Na chini ya kila mkono hutiwa kikwapa, kipande kidogo ambacho kazi yake ni moja, kumpa mvaaji ruhusa ya kuinua mkono. Kikwapa hakionekani wala hakisifiwi. Mgeni atasifu darizi za kifuani na weupe wa kitambaa. Hatasema neno juu ya kikwapa. Lakini kiondoe, na kanzu yote itakuwa gereza: mvaaji hataweza kujitwika mzigo, wala kumkumbatia ndugu yake, bila kusikia mshono ukilia. Fundi aliyekibuni alianza kwa kuufikiri mkono wa mtu. Mashati mengi ya sare hukatwa na mtu aliyeanza kwa kufikiri ni mashati mangapi yatatoka katika jora moja.

Itazame na leso. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 wanawake wa Unguja na wa pwani hii walinunua vitambaa vya mkononi vilivyokuja na meli, wakaunganisha sita, vitatu kwa viwili, wakapata nguo moja pana ya kujitanda. Hakuna aliyewaamuru. Walikuwa wamekitambua kitu ambacho wauzaji hawakukifikiri: kwamba nguo laini isiyokatwa hutii matakwa yote. Leso ya leo ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110. Haina kifungo, haina zipu, haina kipimo cha mnene wala cha mwembamba. Mama huivaa shambani, huifunga kichwani, huketi juu yake. Kisha huikunja ikawa mbeleko, na mtoto akalala mgongoni. Tafakari kazi ya mbeleko. Ni lazima imshike mtoto asianguke, lakini isimbane asipumue. Ibebe uzito wake, lakini iusambaze mgongoni ili usimchome mama begani. Imfuate mama akiinama, akichota maji, akipanda mlima. Ni pamba tupu na fundo moja. Huenda wewe mwenyewe ulibebwa katika chombo hicho, na ukalala.

Kama wazee wetu waliweza kuufikiri mwili wa mvaaji namna hiyo, sisi tumepata wapi ukosi wa kukaba na tai ya saa nane ya mchana? Tumevipokea kutoka Ulaya, na Ulaya navyo vina historia yake. Tai ni mjukuu wa kitambaa cha shingoni walichovaa askari wa Kroatia waliotumika Ufaransa katika karne ya 17. Ilikuwa ni kitambaa cha askari kabla haijawa alama ya karani. Suti ya sufu ilishonwa kwa ajili ya nchi ambako baridi huingia mifupani, na huko ilikuwa na akili. Lakini kuna jambo ambalo watetezi wa mavazi ya mateso hawalitaji: Wazungu wenyewe waliyapigia mateso hayo kelele. Mwaka 1881 kilianzishwa London chama kilichoitwa Rational Dress Society. Kilipinga koseti, ule mkanda wa mifupa ya nyangumi na chuma uliombana mwanamke kiuno hata pumzi ikawa haba. Na kilisema kwamba nguo za ndani za mwanamke zisizidi uzito wa ratili 7, yaani kilo 3 na kidogo. Kama ilihitajika kusema hivyo, basi fikiri mwenyewe uzito waliokuwa wakiubeba! Baadaye, katika miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mshonaji wa Kifaransa Coco Chanel alichukua jezi, kitambaa laini cha vitanzi kilichotumika kwa nguo za ndani za wanaume, akawashonea wanawake mavazi ya kutokea. Koseti zikaenda zikaisha.

Tazama sasa kichekesho cha historia. Sisi tuliyapokea mavazi, lakini hatukuyapokea mabishano. Wenye mavazi waliendelea kubishana nayo, wakayapunguza na kuyalegeza. Sisi tumeyashika kama yalivyoshuka melini. Wahenga walisema: Nguo ya kuazima haisitiri makalio. Nami naongeza kwamba aliyeiazima haipunguzi wala haiongezi, kwa hofu ya mwenyewe, na huku mwenyewe amekwisha kuisahau.

Najua watakaonijibu, nao wana hoja tatu. Hoja ya kwanza ni ya heshima. Watasema: mtu asiye na ukosi na tai hana haiba, na shule isiyo na tai ni soko. Hoja hii haikai shuleni peke yake. Mwezi wa Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alitangaza kwamba suti ya Kaunda na mavazi ya Kiafrika hayakubaliwi katika Bunge. Mwanamume na avae koti, ukosi, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Kila bunge lina haki ya kuwa na utaratibu wake, na utaratibu ni jambo jema. Lakini mtu ana haki ya kuuliza: suti ya Kaunda, iliyobeba jina la rais wa kwanza wa Zambia, imekosa nini? Ni safi, imesitiri, imenyooka. Imekosa tai tu. Basi heshima yote ya mtu inaning'inia katika utepe mmoja wa kitambaa?

Japani haikuona hivyo. Mwaka 2005 serikali ya nchi hiyo iliwaambia watumishi wake waache koti na tai katika miezi ya joto, na mashine za kupoza hewa maofisini zisishushwe chini ya nyuzi 28, ili umeme upunguzwe. Waziri Mkuu Junichiro Koizumi mwenyewe alionekana bila tai. Hakuna nchi inayosifiwa kwa adabu kuliko Japani, na adabu hiyo haikupotea pamoja na tai. Heshima ni usafi, ni sitara, ni kauli njema na kutimiza ahadi. Tai humkaba mwizi na mwaminifu kwa mkono mmoja, wala haijapata kumgeuza mmoja awe mwingine. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hoja ya pili ni ya fedha, na hii naiheshimu kuliko ya kwanza, maana huletwa na wazazi. Wanasema: poliesta hudumu, haichuji, haikunjani, haihitaji pasi ndefu, pamba huchakaa. Ni kweli. Lakini jibu si kumfunga mtoto katika poliesta tupu. Kipo kitambaa cha mchanganyiko wa pamba na poliesta, kinachochukua uvumilivu wa hii na ukarimu wa ile. Upo mfumo mwepesi unaopitisha hewa. Ipo mikono mifupi na ukosi ulio wazi. Nayo hesabu haijaisha: ondoa sweta, ondoa tai, ondoa bleza katika shule za joto, kisha muulize mzazi ni kiasi gani kimebaki mfukoni mwake. Kwa fedha hiyo ataweza kununua shati la pili lililo bora, na mtoto akawa na la kuvaa siku ambayo la kwanza limo kambani.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikasirisha. Husemwa kwamba nguo laini hulea mtoto laini. Kwamba kijana azoee kubanwa ili baadaye astahimili dunia. Wasemao haya wamechanganya ustahimilivu na ujinga. Hakuna kazi ngumu iliyo bora kuliko kukimbia marathoni, na Eliud Kipchoge aliikimbia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40. Alivaa fulana nyepesi na kaptula. Je, alikosa nidhamu? Faith Kipyegon aliposimama Paris mwezi wa Juni 2025 kujaribu kukimbia maili moja chini ya dakika 4, alishonewa vazi maalumu, lililofikiriwa kwa mwili wake na kwa upepo. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 na kidogo, hakulipata alilolitaka, lakini hapana mwanamke aliyepata kuikaribia alama hiyo kama yeye. Ugumu ulikuwa katika kazi, wala haukuwa katika nguo. Nguo iliondolewa njiani ili nguvu yote iende kwenye kazi. Na mwanafunzi je? Kazi yake ni kufikiri, nayo ni kazi ngumu. Kila nukta anayoitumia kupigana na ukosi wake ameiiba katika hesabu zake. Na aliyemvika ukosi huo ndiye mshirika wa wizi.

Usinielewe vibaya. Sikuambii uvue tai yako kesho asubuhi uitupe mtaroni. Kanuni hubadilishwa kwa hoja, wala si kwa vurugu. Wala sitaki shule zote zivae namna moja mpya badala ya namna moja ya kale. Hilo lingekuwa kosa lilelile kwa rangi nyingine. Sweta ibaki Limuru. Bleza ibaki mahali penye baridi ya kuistahili. Nataka tu hewa ya mahali ipewe kiti katika mkutano unaochagua sare, na mwili wa mtoto uketi kando yake. Katika nchi yetu kila shule hujichagulia sare yake. Kwa hiyo neno hili halingoji sheria mpya. Langoja mtu wa kulisema.

Mtu huyo aweza kuwa wewe. Kama shule yako ina baraza la wanafunzi, lipeleke jambo hili kwa maandishi na kwa adabu, tena lipeleke pamoja na ushahidi. Tundika kipimajoto darasani saa sita na saa nane kwa majuma mawili, uandike kila siku kilichosomeka. Uliza bei ya kila kipande cha sare kwa fundi wa mjini. Chukua kipande cha pamba na kipande cha kitambaa cha shati lako, vyote kwa ukubwa mmoja. Dondoshea kila kimoja tone moja la maji, uone ni kipi kinachokunywa na ni kipi kinachoacha tone lisimame juu yake. Mwalimu mkuu aweza kukataa malalamiko. Ni vigumu zaidi kukataa daftari lililojazwa vizuri.

Na kama kesho utakuwa fundi cherehani, au mwalimu, au mjumbe wa halmashauri ya shule, utaletewa nguo uikubali au uikatae. Usiitazame ikiwa imetundikwa ukutani, maana ukuta hautoki jasho. Mvike mtoto. Mwambie aandike, akimbie, ainame, aketi juani, ainue mikono. Kisha usimtazame machoni, maana aweza kukuogopa. Mtazame shingoni, kwapani na kiunoni, ambako nguo huandika ushuhuda wake kwa alama nyekundu. Ukiziona alama hizo, irudishe nguo kwa fundi umwambie aongeze kikwapa.